Sura ya Tisa: Kitabu cha Sauti Nzito

Kama kuna mtu atakwambia kwamba mama hawezi kumwonea wivu binti yake wa kumzaa, mwambie aje Lübeck aniulize mimi. Nitamtilia kahawa, nitamkatia keki, kisha nitamsimulia Jumapili ile ya mwezi wa Mei, tangu saa nne na dakika ishirini asubuhi mpaka saa saba kasorobo mchana. Hayo tu yatamtosha.

Saa nne na dakika ishirini, katika chumba cha nyuma ya ukumbi, Tjark alikuwa amezamisha mikono yake ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu kuvilainisha vidole vya kunipigia piano, na mimi nilisimama nyuma yake nikijifanya napasha sauti. Ukweli ni kwamba nilikuwa namtazama shingo. Tjark Onken si mwanaume wa kugeuza watu shingo barabarani. Masikio yamemtoka kama mishikio ya sufuria, na koti lake jeusi lilikuwa la kaka yake aliyemzidi mabega. Lakini ile mikono, ikishagusa piano, ilinifanya nisahau kama nimekula.

"Rike," aliniita, kwa kifupi cha Friederike, bila kugeuka, "unaimba au unanitazama?"

"Vyote viwili."

"Basi kimoja unakikosea. Nota ya mwisho imeshuka."

Nilimrushia taulo. Swantje, rafiki yangu tuliyekuwa tukisoma naye, alikuwa mbele ya kioo akijichomeka pini za nywele. Aliguna. "Nyinyi wawili, subirini basi hata tukishaimba."

Tulikuwa waimbaji wanne, wote wa mwaka wa mwisho wa chuo cha muziki, na kila mmoja alikuwa na zamu yake ya nyimbo za kisanii: mtu mmoja, piano moja, shairi, basi. Hakuna maikrofoni, hakuna mavazi ya kumeremeta, hakuna pa kujificha. Mimi nilipangwa wa mwisho, na nyimbo saba za msichana anayemngoja mpenzi wake kando ya mto hadi anachoka kungoja, anauvuka mwenyewe. Safu ya mbele angeketi Bi Kesselring, aliyepanda treni kutoka Munich kuja kuchagua sauti moja ya kuzunguka nayo miji kumi na miwili wakati wa vuli. Sauti moja kati ya nne. Wiki nzima nilikuwa sili vizuri kwa sababu ya mwanamke huyo.

Ndipo mlango ukafunguliwa. Mama yangu hana tabia ya kubisha hodi. Gundula Hasselbach aliimba alto, sauti nzito ya kike, miaka ishirini na mitano katika majumba ya opera ambayo mimi nimeyajua kwenye picha tu, na mpaka leo huingia chumbani kana kwamba watu wote wamesimama kumpokea. Nyuma yake alifuata Profesa Ahrendt, mzee mpole anayenukia peremende, amekumbatia kitabu cha nota.

"Bwana Onken," alisema Mama. Miaka miwili tunapendana, na mama yangu hajawahi kumwita kwa jina lake la kwanza hata siku moja. "Kausha mikono. Leo utapumzika."

"Kupumzika, Bi Hasselbach?"

"Profesa Ahrendt amekubali kumpigia Friederike piano. Nimemwomba kama rafiki wa familia. Leo si siku ya kubahatisha."

Nilihisi damu ikinipanda hadi kwenye nywele. "Mama, jina la Tjark limechapwa kwenye ratiba!"

"Karatasi haina mdomo. Mtangazaji anao."

"Tumefanya mazoezi miezi minane!"

"Na miezi minane hiyo sauti yako inapanda kila siku kama moshi wa kuni mbichi. Nakusikia bafuni, Rike. Huimbi tena, unapiga mayowe." Kisha akamgeukia Tjark, akatabasamu lile tabasamu lake la kwenye mabango. "Kijana, sina ugomvi na wewe. Kazi yako si mbaya. Lakini kazi yenyewe inaitwa kusindikiza. Na msindikizaji humfikisha mwenzake njia panda, akaaga, akarudi kwao kukamua ng'ombe. Nisingependa usahau kurudi."

Baba yake Tjark anafuga ng'ombe tisini wa maziwa karibu na Aurich. Mama hakukosa kulitaja zizi hilo kila alipopata nafasi.

"Siagi yao unaipaka kwenye mkate kila asubuhi, Mama," nilisema. "Sijakusikia ukilalamika kuwa inanuka zizi."

"Friederike!"

Nilimtazama Tjark. Nilingoja aseme neno. Neno moja tu, hata la kijinga, ningelishika nikasimama nalo. Alikausha vidole vyake kimoja kimoja, taratibu, macho yake yakiwa sakafuni.

"Kama itamsaidia Rike kwa Bi Kesselring," alisema mwishowe, "nitakaa nyuma na watazamaji."

Akachukua begi lake. Aliponipita, aligusa kifundo cha mkono wangu kwa kidole kimoja, kisha mlango ukafungwa. Nilitamani kumkimbilia na nilitamani kummwagia lile beseni. Sijui kipi kilizidi.

"Kijana ana adabu," alisema Mama. "Hilo namkubalia."

Profesa Ahrendt alikaa kwenye piano ndogo ya pale chumbani, akavaa miwani. "Tupitie mwanzo tu, binti yangu. Kidogo tu, tusikilizane."

Alipiga sauti ya kwanza. Nilifungua kinywa, na sikupata pa kuingilia. Ilikuwa chini, chini sana, kama mtu aliyefika nyumbani akakuta ngazi zimechimbiwa ardhini.

"Samahani, Profesa. Hicho ni kitabu gani?"

Alikifunga, akasoma jalada. "Cha sauti nzito. Si ndicho? Mama yako alinipa jana mchana. Alisema ndicho unachotumia."

Nyimbo hizi huchapwa katika vitabu vitatu: cha sauti nyepesi, cha sauti ya kati, na cha sauti nzito. Shairi ni lile lile na wimbo ni ule ule, ila kila kitabu kimeshushwa au kupandishwa kumfaa mwenyewe. Ukiimba kutoka kitabu cha mwenzako, umevaa viatu vya mwenzako. Utatembea, lakini kila mtu ataona unavyochechemea. Nilikifungua ukurasa wa kwanza. Juu kabisa, kwa wino wa buluu, kwa ule mwandiko ninaoujua tangu kwenye daftari zangu za shule ya msingi: *G. Hasselbach.*

"Mama, umempa kitabu chako."

"Nimempa kitabu sahihi."

"Mimi ni soprano. Sauti yangu ni nyepesi."

"Wewe ni alto. Mimi ni alto, bibi yako alikuwa alto, hata shangazi yako Hedwig aliyekuwa hasikii vizuri alikuwa alto!"

Swantje alicheka, akajaribu kukimeza kicheko, kikamtokea puani.

"Hakuna aliyekuuliza, Swantje."

"Samahani, Bi Hasselbach. Ila alto hapa ni mimi. Tukiwa wawili, mmoja wetu si atakuwa wa ziada?"

Mama alimgeuzia mgongo, na mimi sikuwa na nafasi ya kucheka. Nilikuwa nakumbuka. Tangu nina miaka kumi na tisa niliimba katika sauti ya mama yangu, na kila baada ya mazoezi nilikunywa maji ya asali kwa sababu koo liliniuma kama nimemeza mchanga. Nilidhani ndivyo kuimba kulivyo. Kisha nikapangiwa Tjark anipigie piano. Wiki ya kwanza alipiga kama ilivyoandikwa. Wiki ya pili, bila kuniambia kitu, akaupandisha wimbo daraja moja. Wiki ya tatu, daraja jingine. Siku moja niliimba wimbo mzima, nikamaliza, nikashangaa kwa nini sikutafuta maji. Ndipo aliponiambia, masikio yake mekundu, kwamba kwa muda wote huo alikuwa ananipandisha. "Nilitaka kujua sauti yako inakoishi," alisema. Nililia pale pale juu ya piano. Mwanaume mwingine angeniletea maua, huyu aliniletea sauti yangu. Mniambie, ningempendaje kidogo?

"Profesa," nilisema, "unaweza kuzipiga nyimbo hizi kwa sauti ya juu?"

"Nyimbo saba? Ukumbi umeshaanza kujaa, na macho yangu ndiyo haya? Mimi ni mpiga piano, binti yangu, si mganga."

"Basi ataziimba zilivyo," alisema Mama. "Amezijua hivyo tangu utotoni."

"Kwa sababu wewe ndiwe uliyekuwa ukiziimba!"

Alinisogelea. Akanitengeneza kola ya gauni, kwa upole kabisa, na ule upole ulinitisha kuliko kelele.

"Nisikilize, mwanangu. Ukipanda na yule kijana leo, sauti ikakupasukia mbele ya Kesselring, usinitafute. Nitakaa kimya kama mgeni. Na nyumbani kwangu usimlete."

Nampenda mama yangu, nisiseme uongo. Lakini niliishika ile mikono yake, nikaitoa kwenye kola yangu.

"Umenizaa, Mama. Hukuniazima. Sauti hii si deni."

Nikatoka.

Tjark nilimkuta mwisho wa korido, karibu na mahali pa kutundikia makoti, begi begani.

"Unakwenda wapi?"

"Nyuma. Safu ya mwisho, kama nilivyosema."

"Safu ya mwisho iko ndani ya ukumbi, Tjark. Huku ni mlango wa baiskeli."

Alianza kuiva, masikio kwanza. "Sikuweza kukaa nikimsikiliza mwingine anakupigia. Sijawa mtakatifu kiasi hicho."

"Lakini kunikabidhi kwa mwingine uliweza."

"Ningekaa mle, ungelazimika kuchagua kati yangu na mama yako."

"Na nani kakutuma unizuie nisichague?" Sauti yangu iligonga dari, na watu wawili waliokuwa wakivua makoti wakageuka. Sikujali. "Mama ananichagulia sauti. Wewe unanichagulia mama. Mimi mwenyewe nitachagua lini, nikishazikwa?"

Aliteremsha begi polepole, akaniangalia. Wapenzi wengine huambiana mengi sana. Mimi na Tjark tulikuwa tumezoea kuambiana kwa macho, juu ya piano, kabla ya wimbo kuanza: uko tayari? Alikuwa ananiuliza hivyo sasa.

"Amempa Profesa kitabu cha sauti nzito," nilisema.

"Cha sauti nzito? Nyimbo saba? Utatoka pale huna koo!" Sasa alikuwa amekasirika kweli, na hasira ilimpendeza. "Hilo si kunionea mimi. Hilo ni kukuonea wewe."

"Kitabu chetu unacho?"

"Kiko begini."

"Ndiyo maana nimekufuata. Usidhani nimefuata hayo masikio."

Alicheka, akanivuta, na kwa muda mfupi nilisikia moyo wake ukinigonga shavuni kupitia koti la kaka yake. "Nikipanda na wewe, mama yako hatanisamehe maisha."

"Hatakusamehe hata usipopanda. Afadhali akuchukie kwa jambo la maana."

Tuliporudi nyuma ya jukwaa, Swantje alikuwa amekwisha kuimba, jasho linamtoka, anang'aa. Alitushika mabega, akatutemea juu ya bega la kushoto mara tatu, tu, tu, tu, kama waimbaji wa kwetu tunavyofanyiana kutakiana bahati. "Na asinijibu mtu asante, mtatuletea mkosi."

Tulipanda.

Mama alikuwa safu ya mbele, mkono wa kuume wa Bi Kesselring. Profesa Ahrendt alikaa kando yao, na aliponiona nimeongozana na Tjark alikunja mikono tumboni kwa raha ya mtu aliyeponea chupuchupu. Uso wa Mama haukubadilika hata kidogo. Alikitazama kidevu changu tu. Najua anachotafuta anapotazama kidevu cha mwimbaji: anatafuta woga.

Niligeuka nikamtazama Tjark. Uko tayari? Niko tayari.

Wimbo wa kwanza ulipita, na wa pili. Kwetu watu hawapigi makofi katikati, kwa hiyo huwezi kujua kama unapendwa au unavumiliwa. Unasikia viti tu, na kikohozi cha mtu mmoja. Wimbo wa tatu nilikosea neno moja, na Tjark akalifunika kwa mkono wa kushoto, nikadhani hakuna aliyejua ila yeye, mimi na Mama. Wa nne ni mfupi. Wa tano ndio ule ambao msichana anasimama, anavua viatu na kuingia mtoni, na pale juu kabisa kuna nota ambayo katika kitabu cha Mama haipo, imeshushwa mpaka iko kifuani. Katika kitabu chetu iko ilipo.

Nilimtazama mama yangu machoni. Wanatufundisha tusifanye hivyo, tutazame juu kidogo ya vichwa vya watu. Nilimtazama, nikaipanda ile nota, na haikupasuka. Ilikaa pale juu, wazi, yangu. Nilihisi furaha ya ukaidi ambayo sijawahi kuihisi tena, na ningeweza kukaa nayo mpaka Jumatatu kama Tjark asingeniteremsha taratibu.

Wimbo wa saba ulikwisha. Kisha watu wakasimama. Desturi ni kwamba mwimbaji anainama peke yake kwanza, ndipo anamnyooshea mkono mpiga piano. Sikungoja desturi. Nilimtoa Tjark kwenye kiti chake kwa mkono, tukainama pamoja, kichwa chake karibu kigonge changu.

Sebuleni, nje ya ukumbi, watu walikuwa wakinywa mvinyo wa mapovu na kula vijiti vya mkate wa chumvi. Bi Kesselring alinijia moja kwa moja, mwanamke mfupi mwenye macho ya kunguru.

"Binti, barua niliyoletewa ilisema wewe ni alto."

"Ilikosea, Bi Kesselring."

Alimgeukia mama yangu, aliyekuwa amesimama hatua mbili tu, glasi mkononi, akipokea pongezi ambazo hakuzitaka. Mama aliinua bega moja. "Leo ameamua hivyo. Vijana, unawajua."

"Na huyu kijana wa piano ni nani?"

"Huyo?" Mama hakumtazama hata. "Msindikizaji tu."

Kwangu mimi maji yalikuwa yameshazidi unga. Nilimshika Tjark mkono, mbele ya Kesselring, mbele ya Profesa, mbele ya nusu ya Lübeck na vijiti vyao vya chumvi.

"Hasindikizi mtu," nilisema. "Anayesindikiza hurudi. Huyu tunakwenda naye mpaka mwisho. Ni mchumba wangu."

Tjark alipaliwa na mvinyo. Swantje akampiga mgongoni.

"Mimi?" aliniuliza alipopata pumzi.

"Kuna Onken mwingine hapa?"

"Umenichumbia lini?"

"Sasa hivi. Unakataa?"

Alijifuta kidevu, akajinyoosha ndani ya lile koti kubwa, na kwa mara ya kwanza nilimwona akimtazama mama yangu bila kuinamisha macho. "Bi Hasselbach," alisema, "samahani kwa kuchelewa kukuarifu. Na mimi ndiyo nimepata habari. Nimeposwa, na nimekubali."

Watu walicheka. Bi Kesselring hakucheka, ila alitutazama wote wawili, zamu kwa zamu, kama anayepima kitambaa. "Vuli nahitaji soprano," alisema. "Na mpiga piano anayejua kufunika neno lililokosewa katika wimbo wa tatu. Kesho nitapiga simu." Akaenda zake kutafuta kahawa.

Tulibaki sisi watatu. Mama aliweka glasi yake juu ya meza, akavaa glovu zake nyeupe, kidole baada ya kidole.

"Chakula ni saa saba," aliniambia. "Nimeandaa sahani tatu. Yangu, yako na ya Profesa."

"Ukiweka ya nne, tutakuja."

"Nyumba yangu haina sahani ya nne."

Anazo sahani ishirini na nne, za maua, alizorithi kwa bibi. Nimeziosha tangu utotoni na hesabu yake naijua.

"Basi kula salama, Mama."

Nilimbusu shavuni. Shavu lilikuwa baridi, na nilikaribia sana kubadili mawazo. Sikubadili. Mimi na Tjark tulichukua baiskeli zetu, tukaanza kuzikokota kuteremka mtaani kuelekea daraja, ambako kuna kibanda kinachouza mikate yenye samaki wa siki. Nilikuwa nalia, na Tjark alijua si wakati wa kuniuliza kwa nini.

Tulikuwa tumefika kwenye kona niliposikia kishindo cha dirisha la ghorofa ya kwanza, la jengo tulilotoka, likifunguliwa kwa nguvu.

"Friederike!"

Sauti ile ilijaza majumba ya opera miaka ishirini na mitano. Mtaa mzima wenye matofali mekundu uligeuka kutazama. Mama alikuwa ameinama nje ya dirisha, glovu zake zinapunga hewani kama anaongoza kwaya.

"Wimbo wa tano! Kabla ya ile nota ya juu! Ulivuta pumzi mapema mno, umekata neno katikati! Soprano hapumui pale!"

Nilisimama. Tjark aliniangalia, mimi nikamwangalia, na sote wawili tulikuwa tumelisikia. Maishani mwangu mwote mama yangu alikuwa hajawahi kuniita soprano.

Machozi yalinishuka upya, lakini niliinua kidevu nilichopewa na yeye mwenyewe, nikamjibu hadi njiwa wakaruka kwenye paa:

"Nitapumua ninapotaka, Mama!"